Mbwa Huyu Ni wa Nani?



Matangazo ya waliopotelewa mnayajua. Ng'ombe dume, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso, sikio la kushoto lina alama, mara ya mwisho alionekana akielekea Angurai. Aliye na habari amwone liguru, yaani mzee wa kijiji, au chifu, na akiwa ng'ambo, Uganda, amwone mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Tangazo likishasomwa redioni, hurudiwa kanisani, msikitini, kwenye baraza na kwenye steji ya bodaboda. Sasa niambieni, mliwahi kusikia lini tangazo la mbwa? Ukilileta studio, watu watacheka kwanza ndipo wakuulize jina lake. Ukisema anaitwa Simba, watacheka tena, maana ukiita Simba sokoni watageuka mbwa kumi.

Leo nataka tumzungumzie Simba.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya hapa hapa kaunti ya Busia, Kenya. Walichagua sehemu 8, na katika kila sehemu boma 10 zenye mbwa. Mbwa mmoja wa kila boma akavalishwa shingoni kifaa kinachonasa mahali alipo kila dakika kwa msaada wa setilaiti. Mbwa 73 walirudisha taarifa zilizofaa kutumika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akifungiwa. Aliyehasiwa alikuwa mmoja tu. Wenyewe walipoulizwa wanafuga mbwa kwa nini, jibu kubwa lilikuwa ulinzi.

Kwa wastani mbwa hao walitembea kama kilomita 13.5 kwa siku. Ukisikia hivyo utadhani wanazurura wilaya nzima. Kumbe pale ambapo mbwa hushinda zaidi palikuwa na ukubwa wa hekta 0.4, yaani ekari moja hivi: boma lake mwenyewe na uani kwa jirani. Eneo lake lote la kuzunguka lilikuwa hekta 9.3, kama ekari 23. Mizunguko yote hiyo, basi, ni ya kijijini kwake, na hushamiri alfajiri na jioni. Watafiti walipofuatilia mahali ambapo njia za mbwa wengi zinakutana, wakakuta mahali pa kuokotea chakula.

Kwa hiyo yule mbwa unayemwona nyuma ya kichinjio kabla jua halijachomoza, ukamrushia jiwe na kumwita koko, huenda ana mwenyewe. Ana watoto wanaomjua kwa jina. Saa mbili atakuwa amelala chini ya mwembe wao. Na kama boma lake liko Sofia, pale mpakani, ekari zake 23 zinaweza kuwa na nchi mbili ndani yake. Sisi tulijengewa kituo cha pamoja cha mpakani, kikafunguliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018, tugongewe mihuri yote chini ya paa moja. Simba hupita njia ya panya, usiku, bila hata kitambulisho.

Tatizo linaanza siku mtu anapoumwa. Mtoto ameng'atwa akienda shule, na kijiji kinachemka, kwa haki kabisa, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni kifo. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Hapo ndipo inapotoka amri tunayoijua katika miji mingi ya Afrika Mashariki: mbwa wote wanaozurura wauawe. Nyama yenye sumu inatupwa usiku. Asubuhi mizoga iko barabarani, na kati ya mizoga hiyo wamo waliochanjwa na wenyewe wakaweka kadi kabatini. Wiki chache baadaye kila boma lililobaki bila mlinzi limeleta kijibwa kipya ambacho hakijachanjwa. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba kuua mbwa kiholela hakumalizi kichaa, na kwamba kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Tunalisikia, halafu tunanunua sumu.

Mbwa aliyepotea, au anayezurura, angepelekwa wapi basi? Nairobi wana KSPCA, chama cha kuwatunza wanyama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Kampala wana USPCA, chama cha namna hiyo hiyo. Mbwa wako akitoweka kule unajua pa kuanzia: unakwenda na picha yake, unatembezwa kwenye vibanda, unamtambua naye anakutambua, mnarudi nyumbani. Uingereza sheria ya mwaka 1990 inalitaka baraza la mji limshike mbwa aliyeokotwa kwa siku 7 kabla ya kumpa mtu mwingine au kumuua, ili mwenyewe apate nafasi ya kumfuata. Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, na Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hakuna atakayepanda basi kumtafutia Simba huko.

Najua yupo anayesema huko nje kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna dawa hospitalini, tujengee mbwa nyumba? Mzee wangu, fungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, panapoorodheshwa kazi za kaunti. Utakuta udhibiti na ustawi wa wanyama, na chini yake yametajwa mambo mawili: leseni za mbwa, na vituo vya kuhifadhi, kutunza na kuzika wanyama. Tuliipigia kura wenyewe. Wawakilishi wadi wanaopitisha bajeti ya Busia kila Juni wanaikuta kazi hiyo mezani, na mimi ningependa kusikia imepewa shilingi ngapi.

Ng'ambo, Uganda ina sheria ya mifugo inayopotea tangu enzi za mkoloni. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, utaratibu upo wa kumshika, kumtangaza na kumrudisha kwa mwenyewe baada ya kulipa gharama. Ufundi wa kushughulikia mnyama aliyepotea tunao siku nyingi, pande zote mbili. Ila hatujamhesabu mbwa kuwa mali ya mtu.

Mimi siombi jengo la ghorofa. Naomba daftari katika ofisi ya mifugo ya Busia Kenya, jingine Busia Uganda, jingine Tororo: rangi ya mbwa, jinsia, alama, jina la mwenyewe, kijiji, simu, tarehe ya chanjo. Mbwa akichanjwa avalishwe ukosi wa rangi ya mwaka huo. Pawe na uwanja wenye ua na maji, anayeokotwa akae siku kadhaa, na jioni daktari wa huku ampigie simu mwenzake wa kule: nina dume mwekundu, ana kovu mguuni, kuna aliyemuulizia? Forodha wanapigiana simu kwa sababu ya lori la sukari. Na chanjo lazima iwe ya pande zote mbili. Pemba, iliyozungukwa na bahari, iliondoa kichaa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikaingia tena 2016, wakachanja tena hadi kikaondoka 2018. Sisi hatuna hata bahari. Upande mmoja ukichanja peke yake, ni kujaza maji kwenye pakacha.

Mpaka uwanja huo upatikane, mbwa wako akipotea anza kichinjioni na jalalani, halafu kwa daktari wa mifugo wa pande zote mbili, ukiwa na picha na kadi ya chanjo. Ukimwona mbwa mgeni anayetembea ovyo, anatokwa mate, anauma hata vijiti, usimshike. Mwite daktari wa mifugo na umjulishe liguru au mwenyekiti. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya mganga na kabla ya kesi. Na mbwa aliyeuma, kama anajulikana na anaweza kufungiwa kwa usalama, msimpige mawe hadi afe. Daktari wa mifugo amwangalie siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa akiambukiza kichaa siku alipouma, na daktari wa hospitali atajua kama sindano zilizobaki zinahitajika.