Hotuba ya Mwenyekiti: Dozi Nusu ni Hasara

Miaka kumi tumekopeshana. Lakini mwenzetu mmoja alipata kidonda, akanunua rangi mbili nne tu bila kupimwa, akaona nafuu, akaacha. Kidonda kikarudi, mtaji wa vitumbua ukaishia hospitali. Tulimlaumu, kumbe sote tulikuwa tukifanya hivyo hivyo!

Bakteria wanaobaki huweza kuwa sugu. Na mafua ya virusi hayatibiwi kwa dawa hizo.

Sasa mfuko wa jamii unakopesha dozi nzima, ukileta cheti cha daktari. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 hapa Dar kilitukumbusha kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni. Chanjo za watoto kliniki ni bure, hazina riba.

Kinga ni bora kuliko tiba.