Figo za Mtoto Mwenye Lupasi Zisisubiriwe Zilalamike

Lupasi ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu vinavyotoka nje, huushambulia mwili wenyewe, kuanzia ngozi na viungo hadi damu, moyo, mapafu na figo. Ingawa wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa, katika kila wagonjwa 100 wapo 10 hadi 20 ambao huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao wakiwa wasichana, na kwa watoto hao ugonjwa huwa mkali zaidi. Nusu yao au zaidi hudhurika figo, na mara nyingi madhara hayo hujitokeza katika miaka 2 ya mwanzo.

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni 1, ambavyo huondoa taka na maji ya ziada katika damu, huku vikizuia protini na chembe za damu zisipotelee kwenye mkojo. Kwa mtoto mwenye lupasi, kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili ili kumkabili adui, hushikamana na mabaki ya viini vya seli za mwili huohuo, kisha mchanganyiko huo hunasa katika vichujio na kuvivimbisha, hata vikaanza kuvujisha protini na damu. Uvimbe ukiwahiwa kwa dawa hutulia, lakini ukiachwa huzaa makovu, na sehemu ya figo iliyokwisha kuwa kovu haichuji tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini katika lupasi maradhi yenyewe ndiyo yanayojificha, kwa sababu figo huweza kuharibika kwa muda mrefu bila maumivu yoyote. Mkojo wenye povu jingi, mkojo wa rangi ya chai, uso unaoamka umevimba, miguu inayojaa na shinikizo la damu lililopanda ni dalili za hatari, ila si kila mtoto huzionyesha mapema. Kabla ya hapo mtoto huwa amelalamikia homa zisizokwisha, uchovu, vidonda vya mdomoni na maumivu ya viungo, mambo ambayo katika mazingira ya Afrika Mashariki ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, na akanunuliwa duka la dawa vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ambavyo huweza kuziumiza zaidi figo zilizokwisha kuguswa.

Kinga ya kwanza dhidi ya ukimya huo ni kijiti cha kupimia mkojo, kipimo cha bei nafuu kinachoonyesha protini na damu kwa dakika chache, kikiambatana na kupima shinikizo la damu kila mtoto anapohudhuria kliniki. Kijiti kikionyesha tatizo, maabara hukadiria kiasi cha protini kinachovuja, na kiasi cha miligramu 500 au zaidi kwa siku huwa sababu ya kufikiria biopsia, yaani kuchukua kwa sindano kipande chembamba cha figo na kukichunguza kwa darubini. Mfumo wa kimataifa uliokubaliwa mwaka 2003 unayagawa madhara hayo katika madaraja 6, na daraja la tatu na la nne ndiyo yanayohitaji matibabu makali ya haraka, kwani yakichelewa huweza kuzima figo katika muda wa wiki au miezi.

Matibabu hayo huunganisha prednisoloni, ambayo hushusha uvimbe upesi, na dawa za kutuliza kinga kama maikofenoleti au saiklofosfamaidi. Karibu kila mgonjwa hupewa pia haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyokuwa tiba kuu ya malaria hadi Kenya ilipoiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa hiyo mzazi anayeshangaa mwanawe kupewa dawa ya malaria anastahili kuelezwa kwamba dawa hiyo hupunguza milipuko ya lupasi na kusaidia kuzilinda figo.

Hata hivyo, dawa bora haifai kitu ikiachwa. Prednisoloni huujaza uso, huongeza uzito na huleta chunusi, na msichana wa sekondari anayetaniwa bwenini kwa sura iliyobadilika hushawishika kuificha au kuitupa, ilhali kuikatisha ghafla kunaweza kuuamsha ugonjwa na kuhatarisha maisha, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake inayofanana nayo. Kumkemea mtoto huyo hakutoshi. Anahitaji kuelezwa kwamba kipimo cha dawa hupunguzwa taratibu na daktari kadiri ugonjwa unavyotulia, na mwalimu wake anahitaji kujua kwa nini mwanafunzi huyo hapaswi kukosa kliniki.

Figo zikishindwa kabisa, hubaki kusafisha damu kwa mashine, mara nyingi siku 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine, njia mbili ambazo familia nyingi haziwezi kuzigharamia bila msaada. Kwa hiyo hospitali za wilaya zihakikishe kuwa vijiti vya mkojo na mashine za shinikizo zenye mikanda ya saizi ya watoto havikosekani, bima za afya zigharamie dawa za lupasi kabla hazijalazimika kugharamia mashine, na mzazi mwenye mtoto mwenye lupasi asiondoke kliniki kabla mkojo wa mtoto haujapimwa na majibu yake kuandikwa katika kadi.