MWANGA ULIOGAWIWA SAWA



Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua huvuka Ikweta likitoka kusini kwenda kaskazini. Siku hiyo, karibu kila mahali duniani, mchana na usiku hulingana. Huko Ulaya na Marekani wako watu waliozifufua dini za kale, za kabla ya Injili kuwafikia wazee wao, nao huifanya siku hiyo kuwa sikukuu. Wengi wao huiita Ostara. Hurauka kulitazama jua likichomoza, hupaka mayai rangi, hupanda mbegu. Kule Uingereza wengine hukusanyika kwenye mawe makubwa ya kale ya Stonehenge. Watoto wetu waliokwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi huyaona mambo hayo, na pengine hualikwa na jirani. Je, Mkristo aseme nini?

Kwanza, asicheke. Mjini London, mwezi wa Desemba, mchana hautimizi hata saa nane. Mtu huenda kazini gizani, akarudi nyumbani gizani, na miti mingi imesimama bila jani. Kisha mwanga huanza kuongezeka kidogo kidogo, mpaka siku hiyo ya Machi unapolingana na giza, na tangu hapo mchana hushinda. Aliyekaa gizani miezi mingi haoni aibu kuushangilia mwanga.

Sasa tujitazame sisi. Ikweta inapita hapo kusini mwetu, upande wa Timboroa. Hapa Eldoret mchana wa Juni na mchana wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu. Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya usawa huo: kukipambazuka twaanza kuhesabu, na ikifika saa kumi na mbili jioni jua linazama. Saa ya namna hiyo haingewafaa watu wa London. Wao hupewa siku mbili tu za usawa kwa mwaka, Machi na Septemba. Sisi twapewa mwaka mzima. Lakini ni nani kati yetu aliyeshukuru leo kwa sababu kumekucha? Kipawa kinachokuja kila siku mlangoni, ndicho tunachokisahau upesi.

Wazee wa nchi hii hawakusahau. Wanandi, Wakeiyo na ndugu zao waliamka alfajiri, wakaelekea mashariki, wakamwomba Asis awape mvua, watoto na amani. Jina hilo ni la ukoo mmoja na asista, yaani jua. Walikuwa na mahali pao pa sadaka, kapkoros, ambapo jamii nzima ilikusanyika. Na wengi wao wamewaeleza wajukuu kwamba hawakuliomba lile duara la moto lenyewe, bali yule aliye nyuma yake.

Hapo ndipo penye njia panda, ndugu msikilizaji. Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, chatufundisha kwamba jua na mwezi viliwekwa na Mungu ili vitupe mwanga na kutuonyesha majira. Jua ni mtumishi. Mtumishi akikuletea zawadi kutoka kwa bwana wake, mpokee kwa heshima, lakini barua ya shukrani mwandikie bwana. Kanisa nalo halikuidharau siku hii. Katika kuhesabu tarehe ya Pasaka, hutazama mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, na Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Jua na mwezi hutuambia lini, lakini tunayemshangilia ni Kristo aliyefufuka.

Basi mwanga huo uliogawiwa sawa unatudai nini? Katika Mathayo, sura ya tano, Bwana Yesu atuonyesha kwamba Baba hachagui shamba la mwema akaliruka la mwovu, iwe kwa jua au kwa mvua. Neno hilo ni zito katika mji wetu. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa, kanisa lilichomwa moto na watu waliokimbilia ndani, wanawake na watoto miongoni mwao, wakafa. Asubuhi ya pili yake jua lilichomoza juu ya waliolia na juu ya waliochoma, kwa kipimo kile kile. Mungu hakumnyima mtu mwanga kwa ajili ya kabila lake. Sisi ndio tuliojaribu kunyimana nchi, tena nchi ambayo hakuna kati yetu aliyeiumba.

Mwezi wa Machi mashamba ya Uasin Gishu yamekwisha kulimwa, na mahindi yanangoja mvua. Mvua itakaponyesha, haitauliza ua wa nani. Ikiwa jirani yako hakupata mbegu na wewe unayo debe iliyobaki, hiyo ndiyo sikukuu yako. Ikiwa kuna salamu mliyonyimana tangu mwaka ule, mpelekee leo, kabla jua halijatua. Ndivyo Mkristo anavyoiadhimisha siku ambayo mwanga hugawiwa sawa.

Tuombe. Ee Baba, muumba wa mchana na usiku, tunakushukuru kwa mwanga wa kila siku ambao hatukuununua. Utupe mvua kwa wakati wake. Utufundishe kugawa kama wewe unavyogawa. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.