Damu Isiwe Juu ya Nyumba Yako

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Mungu aliamuru hivi: mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Hakumwambia aombe tu. Alimwambia ajenge.

Sasa tusemezane sisi wa Lubumbashi. Watu wanaongezeka kanisani, utukufu kwa Bwana. Tunajenga balkoni, tunapanga viti, korali inapanda. Nani alihesabu uzito? Sakafu ya nyumba ya kukaa huhesabiwa kubeba karibu kilo 150 hadi 200 kwa meta moja ya mraba. Ya ukumbi wa watu wengi inatakiwa kilo 400 hadi 500. Watu wazima wanne wakisimama kwenye meta moja, ni karibu kilo 280. Na sisi hatusimami tu, tunaruka! Wote wakitua kwa mpigo mmoja wa ngoma, sakafu inapokea nguvu kupita uzito wao.

Tarehe 15 Novemba 2025, hapa jirani Lualaba, kwenye machimbo ya Kalando, watu wengi walikimbilia daraja dogo la kujitengenezea. Likaanguka. Zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto.

Nami naungama. Siku moja fundi wa kanisa letu alinionyesha ufa chini ya balkoni. Nikamjibu awe na imani. Usiku ule sikulala. Nilijua kwamba nilipenda kuona balkoni imejaa. Jumapili tukafunga ngazi, tukaita enjenia. Akakuta vyuma ni vichache. Tukabomoa, na watu wengine wakasali nje kwenye jua.

Mpendwa, ukiona ufa mpya, sakafu inayotikisika, nguzo iliyopinda, usinyamaze. Mwambie mchungaji. Nawe mchungaji mwenzangu, usiite maneno yake ukosefu wa imani. Shusha watu kwanza, ita enjenia, kisha tuombe.

Shetani alimsimamisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Soma Mathayo 4:5-7, halafu Jumapili hii tazama juu ya kichwa chako.

Bwana alinde nyumba zake na watu wake. Amina.