Diski Ikifa, Tovuti Isife: Jinsi Seva Zinavyolinda Data za Wafanyabiashara wa Mpakani



Siku hizi lori likifika Malaba, habari za mzigo wake zimekwisha kutangulia kwenye kompyuta. Tangu nchi za Afrika Mashariki zianze kutekeleza Himaya Moja ya Forodha mwaka wa 2014, ushuru wa bidhaa nyingi zinazokwenda Uganda hushughulikiwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Hapa Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Februari 2018, na maafisa wa nchi mbili wakaanza kuhudumia watu chini ya paa moja. Kazi yote hiyo inategemea rekodi zilizo kwenye seva.

Lakini si serikali peke yake. Wakala wa forodha ana tovuti yenye nyaraka za wateja, chama cha akiba cha bodaboda kina daftari lake mtandaoni, na shule ina matokeo ya wanafunzi. Wengi wao hawana seva yao. Hukodi nafasi kwenye seva ya kampuni iliyo Nairobi au Ulaya, hulipa kila mwaka, na hudhani mambo yamekwisha.

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi. Data zake hukaa kwenye diski. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka hadi mara 7,200 kwa dakika, usiku na mchana, na siku moja itakufa. Zile mpya zisizo na sahani haziyumbi, lakini nazo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Backblaze, kampuni ya Marekani inayochapisha takwimu za diski zake, imeonyesha kwamba kwa mwaka hufa diski moja hivi, au zaidi kidogo, katika kila 100. Kwa mwenye diski moja ofisini hiyo ni bahati nasibu. Kwa kampuni yenye diski elfu kumi, ni kazi ya kila juma.

Dawa yake ilielezwa mwaka wa 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walisema diski nyingi ndogo za bei nafuu zinaweza kufanya kazi pamoja kama diski moja kubwa, mradi ziwekwe za ziada ili moja ikifa, data zisipotee. Mpango huo unaitwa reidi.

Reidi rahisi kuliko zote ni ya kioo. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Gharama yake ni kwamba unanunua diski mbili na kupata nafasi ya moja.

Aina nyingine hutumia hesabu. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi aliyepakia magunia 7 kwenye gari moja na 5 kwenye jingine, kisha akaandika 12 kwenye daftari la stoo. Karatasi ya gari la pili ikipotea, ataitoa 7 kwenye 12 na kujua zilikuwa 5. Seva hufanya hivyo kwa hesabu yake yenyewe: kwenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, nafasi ya diski moja hutumika kuweka jumla, na terabaiti 12 hubaki kwa data. Diski yoyote moja ikifa, yaliyokuwemo hukokotolewa upya kutokana na zilizobaki. Ipo pia ya jumla mbili, inayovumilia vifo viwili kwa pamoja.

Uzuri wa reidi ndio hatari yake. Diski inapokufa, tovuti haizimi. Mteja hajui, mwenye tovuti hajui, na taa nyekundu huwaka kwenye chumba ambacho labda hakuna anayeingia. Miezi inapita. Diski ya pili ikifa, hapo ndipo watu huamka, na wakati huo hesabu haiwezekani tena. Kwa hiyo reidi isiyo na mtu wa kupokea onyo ni kama gari lenye tairi la akiba ambalo dereva hajawahi kulipima upepo.

Hata kubadilisha diski kuna muda wake. Kujaza upya diski ya terabaiti 16, kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua karibu saa 22 ikiwa seva haina kazi nyingine, na huwa inayo. Katika saa hizo diski zilizobaki hufanya kazi kupita kiasi, nazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa. Ndiyo maana kwa diski kubwa jumla mbili ni afadhali kuliko moja.

Kwa ofisi zinazoweka seva hapa hapa, stima ni jambo jingine. Ikikatika katikati ya kuandika, data zinaweza kuandikwa na jumla yake ikabaki ya zamani. Betri ya akiba inayoipa seva muda wa kujizima vizuri si anasa.

Na kuna mambo ambayo reidi haizuii kabisa. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, kioo hufuta pia, papo hapo. Kirusi kikifunga nyaraka kwa ajili ya kudai fidia, kinazifunga kwenye diski zote. Moto au maji hayachagui diski. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo moja likateketea. Baadhi ya wateja waligundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa pale pale. Mtu wa Bunyala aliyeona Nzoia ikivunja tuta hahitaji kuelezwa kwa nini nakala hukaa mbali.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inagusa jambo hili. Wakala anayehifadhi nambari za vitambulisho na PIN za wateja anatakiwa kuwa na uwezo wa kurejesha data hizo kwa wakati baada ya ajali. Kusema seva ina reidi hakutoshi.

Kabla ya kulipia mwaka mwingine, muulize mwenye kukukodishia seva: reidi ni ya aina gani, nani hupata onyo diski ikifa, na hubadilishwa baada ya muda gani? Nakala ya akiba huchukuliwa kila siku au kila mwezi, hukaa mji gani, na huhifadhiwa kwa siku ngapi? Kisha mwombe arudishe faili moja ya juma lililopita, ukiwa umesubiri kwenye simu. Akisema atapiga baadaye, pakua nakala yako mwenyewe jioni hiyo hiyo.