KANUNI MPYA ZA KURASA ZA MTANDAO NA ZILE ZA ZAMANI

Maneno aliyosema mwanachama wa reli mbele ya wafanya kazi, Garissa



Najua wengine mnajiuliza mtu wa reli amefuata nini Garissa, mji usio na hata futi moja ya reli. Reli ya kutoka Lamu kupita hapa hadi Isiolo tumeonyeshwa kwenye ramani tangu mwaka 2012, lakini mataruma hatujayaona. Mimi nimekuja nyumbani kwa likizo, na Bwana Katibu ameniomba niseme juu ya kanuni za kurasa za mtandao, yaani zile zinazoagiza ukurasa utengenezwe namna gani ili kipofu, kiziwi, mtu wa mkono mmoja au mzee aweze kuutumia kama watu wengine.

Mimi si fundi wa kompyuta. Lakini kazini kwetu kitabu cha kanuni kikitolewa upya, neno la kwanza tunalouliza ni hili: kilichobadilika ni nini? Maana mtu akifuata kanuni ya zamani mbele ya taa mpya anaweza kuua watu. Basi nimezisoma hizi kwa njia hiyo hiyo.

Zinatolewa na shirika liitwalo W3C, lililoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni mtandao wenyewe. Kanuni za kwanza zilitoka 1999. Toleo la 2.0 likatoka Desemba 2008, lenye masharti 61, na humo ndimo mlimo misingi: picha iwe na maneno ya kuieleza, ili simu ya kipofu inayosoma kwa sauti ipate la kusema, kazi yote iwezekane kwa kibodi bila kushika mausi, maandishi yasififie. Tena ukurasa utaje lugha yake. Jambo hili wengi hulidharau. Ukurasa wa Kiswahili ukiandikishwa kuwa ni wa Kiingereza, sauti huusoma kwa matamshi ya Kizungu, na msikilizaji haambulii kitu.

Mwaka 2008 watengenezaji walikuwa wakimfikiria mtu aliyeketi mezani mbele ya kompyuta. Sisi wengi wa huku hatukupitia mezani, tulianza na simu. Kwa hiyo Juni 2018 likaja toleo la 2.1, likaongeza masharti 17. Maandishi yakikuzwa yajipange upya, mtu asisukume ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Ukurasa usilazimishe simu isimame wima tu, maana wako watu ambao simu zao zimefungwa kwenye kiti cha magurudumu. Na alama na visanduku, si maandishi peke yake, vitofautiane wazi na rangi iliyo nyuma yake. Hilo mwenye macho mazima pia analihitaji. Simama nje ya soko saa saba mchana, jua la Garissa likiwa utosini, utafute kisanduku cha kijivu katika ukurasa mweupe.

Sasa nifike kwenye hizi mpya, toleo la 2.2 la Oktoba 2023. Zimeongezwa tisa, ikaondolewa moja, jumla 86. Iliyoondolewa ilihusu uandishi wa mafundi wenyewe, na programu za siku hizi hujisahihishia makosa yale. Hizo tisa ndizo zilizonigusa.

Nina ndugu tuliyefanya kazi pamoja, mabehewa yalimkata vidole viwili wakati wa kuyaunganisha. Alipoandika madai yake kwenye simu, kitufe cha kupeleka na kitufe cha kufuta vilikaa bega kwa bega, vidogo kama punje za mtama. Mara tatu alifuta kazi yake yote, akaanza upya na jina la babu yake. Akaniambia, "Ndugu yangu, behewa lilichukua vidole viwili, sasa simu inataka vilivyobaki." Kanuni mpya inasema kitufe kisipungue nukta 24 kwa 24, au kiachiwe nafasi ya kutosha. Kinachohitaji kuburutwa kwa kidole kiwezekane pia kwa kugusa tu. Na habari mtu aliyokwisha kuiandika katika kazi ile ile asiulizwe tena bila sababu.

Kisha kuna jambo la siri. Yuko mzee jirani yetu, tunamwita adeer, macho yamemwisha. Kila akitaka kuingia kwenye ukurasa hutumiwa tarakimu sita. Azisikilize, azikumbuke, arudi kuziandika, na ukurasa umekataa tarakimu zisibandikwe. Muda unapita. Mwisho humpa simu kijana wa dukani pamoja na neno lake la siri. Kijana ni mwaminifu, sikatai, lakini siri ya mzee iko kwa mtu mwingine. Kanuni ya 2023 inakataza mlango unaofunguka kwa kukumbuka au kunakili peke yake: ukurasa uruhusu kubandika, au simu ijaze yenyewe, au iwepo njia nyingine. Lakini katika daraja la kati bado wameruhusu mtu kuombwa atambue vitu katika picha. Hapo naona wamelegeza.

Asije mwajiri akawaambia kwamba kubadili ni kama kutoka reli ya milimita 1000 kwenda ile ya 1435, ambako behewa la zamani halipiti. Sivyo. Ukurasa uliotimiza 2.2 umetimiza pia 2.1, kilichojengwa hakibomolewi.

Kanuni hizi zenyewe si sheria ya nchi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 imekwisha kupisha ile ya 2025. Wakati wa mapatano na waajiri, kurasa za likizo, mshahara na matibabu ziwekwe mezani pia, na toleo la 2.2 litajwe kwa nambari yake.

Nasi tusijifiche. Fomu ya chama chetu yenyewe inauliza nambari ya kitambulisho mara tatu. Nimemwonyesha Bwana Katibu jana kwenye simu yangu, akacheka, akasema atamwambia kijana anayeitengeneza. Nitarudi Desemba, nami nitaijaza tena.