Kovu Halitaki Limau

Wapo wanaopaka limau kwenye kovu ili lififie, kisha wanatoka juani. Acha kabisa: limau likikutana na jua huunguza ngozi, na alama huzidi kuwa nyeusi. Mkorogo nao si dawa. Hapa Rwanda, tangu mwishoni mwa 2018, polisi wamekuwa wakiuondoa madukani, maana baadhi una zebaki.

Fanya hivi: kidonda kikishafunga, paka vaselini, kanda taratibu kwa kidole kila siku, na ukienda juani funika kwa kitenge. Kovu hufifia kwa miezi, wala halifutiki lote. Likivimba au likiwasha, nenda kituo cha afya.

Na kovu la vita si aibu, ndugu yangu. Lisikupeleke kwenye sumu. Tukutane kipindi kijacho.